Mikono ya Bati

Lile vazi lilikuwa zuri, na sitakubali mtu aniambie vinginevyo. Nimefanya kazi ya mabomba ya hewa miaka thelathini na nane, kukata bati, kukunja bati, kuziba viungo visivuje, na nusu ya nyumba za mji wetu wa Harlan Mills zinapata joto wakati wa baridi kwa sababu mimi nilitambaa chini ya sakafu zake. Kwa hiyo mjukuu wangu Nell aliponiambia mwezi wa tisa kwamba Halloween hii, ile jioni ya mwisho wa mwezi wa kumi watoto wanapovaa mavazi ya maigizo na kuomba pipi nyumba kwa nyumba, anataka kuwa roboti, tena roboti wa kutengenezwa nyumbani na si wa dukani, nilijiona nimerudishwa kazini.

Nilikaa gereji wiki tatu. Kiwiliwili kilikuwa boksi nililolizungushia utepe wa bati kila upande mpaka ungeweza kujitazama humo na kunyoa ndevu. Mikono ilikuwa bomba la bati linalokunjika, lile linalotoa hewa moto nyuma ya mashine ya kukaushia nguo. Mabegani niliziba kwa utepe tabaka tatu, kama kazi ya kulipwa. Kifuani niliacha kidirisha cha plastiki, na nyuma ya ile plastiki tukaweka simu yake, ili roboti awe na taa.

Simu yenyewe haikuwa ya mchezo. Nell ana miaka kumi, na tangu akiwa na sita ana kisukari, ile aina ya watoto, ambayo mwili hautengenezi insulini hata tone. Kwenye mkono, juu ya kiwiko, amebandikwa kidude kidogo cha mviringo kinachopima sukari yake kila dakika tano. Kidude kinatuma namba kwenye simu yake, na simu yake inatuma kwangu na kwa mama yake. Namba ikienda chini ya sabini ni hatari. Hapo anywe juisi, abishe asibishe. Na lazima abishe. Sukari ikimshuka, Nell huwa mkali, hasikii la mtu, atakuapia kwamba yuko sawa na huku midomo imeshapoteza rangi.

Mama yake ni Corinne, binti yangu. Ni nesi, zamu yake ni ya jioni, na hospitali iko mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Mimi naishi kwao tangu mke wangu afariki. Basi la shule likimshusha Nell, ni mimi ninayempokea, na ni mimi ninayekaa naye mpaka mama yake arudi. Sina kazi nyingine duniani, na sitaki nyingine.

Sasa, Nell alikuwa anataka safari hii azunguke na rafiki yake Marisol tu, bila mtu mzima nyuma. Corinne hakutaka kusikia.

"Watoto wote wa darasa lake wanakwenda wenyewe," nilimwambia.

"Watoto wote wa darasa lake wana kongosho linalofanya kazi, Baba."

"Mama, si kwamba nahamia Alaska," Nell akasema. "Ni mitaa mitatu. Babu anaiona yote kutoka barazani."

"Babu haoni hata miwani yake ikiwa usoni."

"Nipo hapa nasikia," nilisema.

Ilichukua siku nne. Mwishoni Corinne alikubali, kwa masharti: mitaa mitatu tu, asiachane na Marisol, pakiti ya juisi awe nayo mwilini, na mimi nikae barazani na simu mkononi. Nisimfuate mtoto, lakini nisiache kuangalia namba. Kisha, Nell alipokwenda kulala, akaniambia peke yangu, taratibu, akikunja nguo za kazini:

"Hili likiharibika, Baba, itabidi nimwandikishe kule shuleni, abaki na wale watoto wanaosubiri wazazi mpaka jioni. Sikutishi. Nakuomba tu usinifikishe huko."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Ndivyo nilivyomjibu.

Siku ilipofika nilimaliza kupamba uwanja asubuhi. Mbele ya nyumba niliweka makaburi tisa ya maboksi, mizuka ya mashuka juu ya mti wetu, na mkono wa glavu iliyojazwa majani makavu unaotoka ardhini. Kaburi la kwanza kila mwaka huwa la Gus Novak, jirani wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu yeye hununua kila kitu. Uwanjani kwake ana mifupa ya plastiki mirefu kuliko nyumba na joka la kujazwa upepo.

"Mwaka huu nimekufa kwa nini?" alinipigia kelele kutoka ng'ambo.

"Uvivu."

"Mwaka jana ilikuwa uchoyo. Naona nimepiga hatua."

Saa kumi na moja jioni Nell alijichoma sindano yake ya insulini ya chakula nikiwa namwangalia, akakaa mezani mbele ya sahani ya makaroni na jibini. Nilitoka kuwasha mishumaa ndani ya maboga niliyoyachonga nyuso. Niliporudi, meza ilikuwa safi na yeye tayari anarukaruka gereji. Nikamvalisha. Pakiti ya juisi niliitia kwenye kifuko nilichokishona ndani ya boksi, kiunoni, maana ikikaa nje ingeharibu umbo. Kisha nikamfunga mgongoni kwa utepe.

"Babu, siwezi kujikuna tumbo."

"Roboti hawawashwi."

"Na nikitaka kwenda chooni?"

"Roboti hawaendi chooni. Simama wima nikuone."

Alisimama. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa na fahari mpaka machozi yakanilenga, mtu mzima mimi. Marisol alifika akiwa mashine ya kufulia nguo, boksi jeupe lenye povu la pamba juu, na mama yake kalifanya vizuri, nakiri. King'ora cha zimamoto kililia saa kumi na mbili kamili, kama halmashauri ilivyotangaza, na mtaa mzima ukafurika watoto na foronya zao za kukusanyia pipi. Kwenye kila mlango waliita, "Pipi au vituko." Wale wawili wakashuka ngazi zangu, mmoja akisuguana na mwenzake, wakapotea.

Nikakaa kwenye kiti, bakuli la pipi mapajani, simu juu ya mkono wa kiti. Namba ya mwisho ilikuwa mia moja ishirini na nne, na mshale umeinama kidogo. Si mbaya. Masikioni nilikuwa nasikiliza mpira, maana vifaa vyangu vya kusikia vinaungana na simu bila waya, Corinne ndiye aliyenilazimisha kuvinunua. Dakika tano zikapita. Namba haikubadilika. Zikapita tano nyingine, na mahali pa namba pakawa na vistari viwili.

Vistari viwili maana yake hakuna mawasiliano. Hutokea. Kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu hutokea kila siku. Nikagawa pipi kwa kuku mmoja na madaktari watatu, nikaangalia tena. Vistari.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano Corinne alipiga.

"Baba, sioni namba mpya tangu saa kumi na mbili kasoro dakika tano."

"Ni mtandao. Watu wote wako nje na simu zao."

"Unamwona?"

Niliangalia barabara. Niliona jini, niliona kobe, niliona mabinti wa mfalme wasiopungua sita. Roboti sikumwona.

"Namwona," nilisema. "Yuko pale kwa Gus, anaishangaa ile mifupa."

"Yuko sawa?"

"Anacheka."

Nilisikia pumzi yake ikishuka. "Haya. Nina mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji, naiweka simu mfukoni kidogo. Asante, Baba."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza sana, na jibu halinipendezi. Nilimwonea huruma Corinne, ndiyo, lakini zaidi nilijionea huruma mimi. Sikutaka aniulize swali la pili. Nilijiambia kwamba Nell atatokea kona ile baada ya dakika moja na uongo utakuwa umegeuka kweli wenyewe.

Hakutokea. Pipi zikapungua, nikaingia jikoni kuchukua mfuko wa pili. Nyuma ya boksi la mkate, imefunikwa kitambaa, ilikuwa sahani ya makaroni. Nusu yake ilikuwa haijaguswa. Mtoto alikuwa na haraka ya kuvaa, akaificha, na mimi niliona meza safi nikaridhika. Sindano aliyojichoma ilikuwa ya sahani nzima, na insulini isiyopata chakula huishusha sukari.

Nikaiacha sahani pale pale. Nikarudi barazani, nikakamata simu, bado vistari. Lakini mpira masikioni ulikuwa unasikika safi kabisa, na mtandao wa simu yangu ulikuwa umejaa. Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia kipande cha lile bomba la bati, masalio ya mkono wa kushoto, nilichokuwa nimekiweka juu ya boga kiwe kofia. Sijui ni nini kilichoniambia nifanye hivyo. Nilikichukua, nikaitumbukiza simu ndani, nikaziba ncha mbili kwa viganja vyangu.

Mtangazaji akakatika katikati ya neno. Nikafungua kiganja, akarudi. Nikaziba, akakatika.

Basi nikajua. Mtandao ulikuwa mzima. Kidude kilikuwa mkononi mwa Nell ndani ya bomba la bati, kimezibwa tabaka tatu begani, na simu yake ilikuwa nje, kifuani. Hakuna kilichokuwa kinapita. Mashine iliyokuwa imlinde nilikuwa nimeifungia mimi mwenyewe, kwa ufundi wangu mwenyewe. Na juisi iko ndani ya boksi, kiunoni, na mikono ile haikunjiki kiasi cha kufika kiunoni. Asiyeweza kujikuna tumbo atafikaje kwenye juisi?

Nikampigia. Iliita mara tano, kisha akapokea, nadhani kwa kugusa kioo juu ya ile plastiki.

"Uliahidi hutanifuata."

"Sikufuati, mama. Uko wapi?"

"Mmeniahidi wote na wote mnadanganya."

"Nell. Uko na Marisol?"

"Marisol hajui kuhesabu." Maneno yake yalikuwa mazito, yanaburutwa. "Niko sawa. Niko sawa. Niko sawa."

"Niambie unaona nini mbele yako."

"Giza," alisema, na simu ikakatika.

Mara ya pili hakupokea. Pengine alikuwa mtoto aliyekasirika tu, kwa haki yake, kwa babu aliyevunja ahadi. Nilitamani sana iwe hivyo. Lakini nimekaa na mtoto huyu miaka minne, na "niko sawa" mara tatu najua maana yake.

Nilivuka barabara na bakuli mkononi.

"Gus, shika hili."

"Umekuja kuiba mbinu za—" Kisha akaniona uso, akalishika. "Nani?"

"Nell. Sukari. Ukimwona mkalishe hapo, mpe chochote kitamu, unipigie."

Hakuuliza zaidi. Namtania kila mwaka, lakini ni mtu.

Mtaa wetu ni Linden. Ukiumaliza unaingia Orchard, kisha unarudi kwa Mill Street. Nilikwenda mwendo wa kukimbia, kwa kadiri magoti ya kutambaa chini ya sakafu yanavyokubali. Wakati wote wa mwaka mtaa huu una watoto wanaojulikana; jioni ile hakuna mtoto aliyekuwa na uso. Nilimshika bega mmoja aliyeng'aa, kumbe ni shujaa wa angani aliyevaa karatasi ing'aayo ya kufungia nyama. Mama yake alinitazama vibaya, na alikuwa sahihi. Nilisema samahani nikaendelea. Mara mbili niliona mng'ao wa bati na mara mbili ilikuwa kopo la taka.

Kona ya Orchard niliikuta mashine ya kufulia imekaa ukingoni mwa barabara na wasichana wengine wawili, wanabadilishana chokoleti.

"Marisol. Nell yuko wapi?"

Aliinua uso akaanza kujitetea kabla sijamaliza. "Tumegombana, Bwana Stauffer. Sio mimi niliyeanza. Alisema nimemwibia moja, mimi sijamwibia, akaanza kunisukuma na ile mikono. Halafu akasema anakwenda nyumbani."

"Saa ngapi?"

"Muda kidogo. Tulikuwa kwenye nyumba yenye buibui."

"Alielekea wapi?"

Akaonyesha kule nilikotoka. Maana yake nilikuwa nimempita.

Nikarudi. Sasa nilikuwa nimevitenga vifaa vya masikio na simu ili nisikie ya nje, na kila nyumba tatu nilipiga namba ya Nell na kusimama. Watoto wanapiga kelele, redio za kutisha zinacheka kwenye baraza za watu, mbwa, majani chini ya miguu. Nikapiga, nikasikiliza, nikatembea. Nikapiga, nikasikiliza. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti na watu wakidhani ni sehemu ya maigizo yangu.

Kuna sheria ya Halloween ambayo haijaandikwa popote na hata mtoto wa miaka mitatu anaijua: nyumba iliyozima taa ya baraza haigongwi. Mwenyewe hayupo, au ni mgonjwa, au hataki. Hukanyagi hata njia yake. Macho yenyewe hujifunza kuiruka, unatoka taa hii unakwenda taa ile, na katikati ni kama hakuna kitu. Nyumba ya Bibi Kessler ilikuwa na giza tangu ahamie kwa mwanawe mwezi wa nane. Niliipita nikikimbia kwenda, na sikugeuza shingo. Watoto mia mbili na wazazi wao waliipita jioni ile, na hakuna aliyegeuza shingo.

Nilipopiga mara ya sita au ya saba, nilisikia wimbo mdogo wa simu yake ukitoka kule gizani.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu kabisa, ameegemea nguzo, kichwa kimelala upande. Nafikiri alipaona pana utulivu akaenda kukaa. Simu ilikuwa inawaka kifuani mwake, jina langu juu ya kioo. Foronya iliyojaa pipi ilikuwa katikati ya miguu yake. Lazima zilikuwa zaidi ya kilo mbili za sukari, zimegusana na magoti yake.

"Nell."

"Ondoka." Macho yalifunguka lakini hayakunishika. Uso ulikuwa na jasho, baridi, na meno yanagongana.

"Kwa nini hukula hata moja? Mama, kwa nini hukula?"

"Mama amesema mpaka azihesabu," alinong'ona. "Nimemwahidi."

Niliingiza vidole mgongoni kuufungua ule utepe, na haukufunguka. Nilikuwa nimeusugua kwa kijiko ukashika vizuri. Nikatoa funguo, nikachoma, nikavuta, ukapasuka inchi mbili ukakataa. Nimejisifu maisha yangu yote kwamba viungo vyangu havifumuki, na jioni ile nilivilaani kimoja kimoja. Nikauma kwa meno. Boksi likaachia upande mmoja, nikapitisha mkono mpaka kiunoni, nikaipata juisi.

"Kunywa."

"Sitaki." Akanipiga na mkono wa bati, usoni, miwani ikaruka.

"Kunywa, Nell."

Tone la kwanza alilitema. La pili lilitiririka kidevuni. Nilimkumbatia kwa nyuma nikamshika kichwa kama alivyokuwa mtoto mchanga, nikaminya pakiti kidogo, nikasubiri koo lake. Lilisogea. Nikaminya tena. Likasogea. Kisha nikalishika lile bomba la mkono begani nikalirarua kwa nguvu zangu zote, tabaka tatu, na likatoka zima na kuviringika ngazini.

Haikupita dakika, simu kifuani ikalia mlio ule mkali wa hatari. Vistari vikaondoka. Arobaini na tatu, na mshale umeelekea chini.

Nilijua kwamba namba ile ile ilikuwa imeshafika kwenye mfuko wa nesi mmoja, dakika ishirini kutoka hapo. Simu yangu ikaita.

"Baba. Arobaini na tatu. Baba, mbona arobaini na tatu?"

"Nimempa juisi. Anameza."

"Anameza mwenyewe? Amefungua macho?"

"Ndiyo."

"Nusu saa nzima sikuwa na wasiwasi. Ulisema yuko kwa Gus. Ulisema unamwona." Sauti yake ilikuwa ya kazini, tulivu, ile wanayotumia kwa familia za wagonjwa. "Ulikuwa unamwona?"

Ningeweza kusema alikuwepo kisha akaondoka. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeiva, lingepita.

"Hapana," nilisema. "Sikuwa namwona. Nilikudanganya. Vazi langu ndilo lililoziba kidude, na hakumaliza chakula, na sikujua alipo."

Nilisikia funguo za gari zikigongana.

"Mpe na pipi za kutafuna, zile laini, si chokoleti," alisema. "Mbili. Usikate simu. Akiacha kumeza, unamlaza ubavu na kupiga namba ya dharura. Usifikirie, piga. Natoka sasa hivi."

Hakuniita Baba.

Tulikaa kwenye ngazi zile za giza dakika kumi na tano, na sijawahi kukaa muda mrefu kuliko ule. Thelathini na tisa. Kisha arobaini na moja. Nell akatafuna, akalia, akaniambia ananichukia. Hamsini na mbili. Nilimpa pipi ya tatu, ya nne, ya tano, sikuweza kujizuia. Gus alifika akihema, akavua koti lake akamfunika. Sitini na nane. Nell akatazama mkono wake usio na bati, kisha akanitazama mimi.

"Babu, umeliharibu."

"Ndiyo."

"Lilikuwa zuri."

"Halikuwa zuri," nilisema, na kwa mara ya kwanza nilimaanisha.

Corinne alitukuta nyumbani. Alipita mbele yangu na viatu vya kazini, akapiga magoti kwenye kochi, akamnusa mwanawe kichwani, akamshika mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Mimi nilisimama mlangoni nikisubiri kelele, ningezishukuru.

Alipokuja jikoni alikaa upande wa pili wa meza.

"Bati ningekusamehe papo hapo," alisema. "Hata mimi nisingefikiria bati. Sahani pia, mimi mwenyewe amenificha mara mbili. Lakini niliingia kwa yule mgonjwa nikiwa mwepesi, unaelewa? Nilikuwa nacheka naye. Kwa sababu yako. Ungeniambia humwoni, ningekuwa garini."

"Najua."

"Jumatatu nampigia mwalimu wa wale wanaobaki shuleni."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na yote yalikuwa ya mtu yule wa barazani aliyesema "anacheka". Nikayaacha.

Alikwenda kulala na Nell juu. Mimi nilibaki naokota vipande vya utepe sakafuni. Baada ya muda sauti yake ikashuka kupitia ngazi.

"Simu yangu imezima. Ana ngapi?"

Nikaangalia. Mia mbili sitini na moja, mshale umesimama wima kwenda juu. Zile pipi zangu za ziada. Namba mbaya, na ni mimi tena. Nilijua ningeweza kusema mia mbili. Angelala. Ingeshuka yenyewe, pengine.

"Mia mbili sitini na moja," nilisema. "Inapanda. Ulisema mbili, nimempa tano."

Sakafu ya juu ikalia kwa hatua zake akiifuata sindano. Nilisikia kabati likifunguliwa, kisha akasimama kwenye ngazi ambapo ningeweza kumwona miguu tu.

"Asante, Baba," alisema. "Niite baada ya dakika kumi na tano unipe namba nyingine."

Nikavuta kiti, nikaiweka simu mezani mbele yangu, nikaanza kuhesabu dakika.